Blanketi la Nguo za Mama

Wiki iliyopita mwanamke mmoja wa Pasiansi aliniletea nguo za marehemu mama yake kwenye salfeti, nimshonee mablanketi matatu ya vipande, moja lake na mawili ya wadogo zake. Ndiyo kazi yangu hiyo. Watu huniletea mashati ya baba zao, nguo za watoto waliokwisha kukua, vitenge vya harusi, nami nazikata na kuziunga upya ziwe kitu cha kujifunika na kukumbukia, au zawadi ya kumpa mtu anayekwenda mbali. Nimezoea. Lakini nilipofungua mdomo wa salfeti ile, ingawa nguo zilikuwa zimefuliwa na kupigwa pasi, ilipanda harufu ambayo sabuni haiitoi hata ufue mara saba: dagaa waliokaushwa juani, na kwa mbali moshi wa kuni.

"Mama alikuwa anafanya biashara gani?" nikamuuliza.

"Dagaa, pale Mwaloni. Umejuaje?"

Nilimwomba anisubiri kidogo, nikatoka nje kunywa maji. Nilikaa huko muda mrefu kuliko anaohitaji mtu mwenye kiu.

Mama yangu naye aliuza dagaa Mwaloni. Tulikaa Kirumba, juu kwenye mawe, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo baba aliijenga kabla hajatutoka. Ukuta wake wa nyuma ulikaribia kugusa jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mliokulia kwenye mawe mnajua: mchana jiwe linapika, na jua likizama linaendelea kutoa joto kama jiko lililotoka kuepuliwa sufuria. Juu ya jiwe hilo mama alianika kila kitu, nguo, mihogo, dagaa wetu wa kula. Nyuma yake kulikuwa na ufa ambao mtu mzima hapiti bila kujichubua, lakini mtoto anapita, na ndani kulikuwa na nafasi tambarare ukubwa wa kitanda. Tulipaita Dodoma. Sijui nani alianza kupaita hivyo.

Tulikuwa wanne. Mimi Kabula nilikuwa darasa la sita. Walionifuata walikuwa mapacha, Kulwa na Doto, wasichana wa miaka saba, na baada yao Shija, mvulana wa miaka mitatu ambaye baba hakuwahi kumwona.

Mama alikuwa na mkono wa kushona ingawa hakuwa na cherehani. Cherehani ilikuwa kwa jirani yetu, Bi Zena, aliyeshonea barazani kwake, na mabaki yaliyoanguka chini ya miguu yake mama aliyaokota. Mwanamke yeyote wa mtaani akijifungua, mama alimpelekea kiblanketi cha mtoto. Alikata vipande kwa kufuata kipande cha boksi la sabuni ili vyote viwe sawa. Aliviunga kwa mkono, akaweka shuka kuukuu katikati na kitambaa kizito chini, akapiga bandi kushika matabaka yote matatu yasihame, ndipo akashona mshono wa kudumu. Na kila mara alimwomba mzazi kipande cha nguo aliyoivaa akiwa mjamzito, akakiweka katikati. "Mtoto aanze na anachokijua," alisema. Kazi yangu ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano. Baadaye nikapewa pembe moja, baadaye upande mzima. Mshono wangu ukienda kombo hakunigombeza. Aliufumua tu, akanirudishia sindano.

Aliugua muda mfupi. Tulimzika Jumatatu.

Jumatano alasiri nilikuwa napita na birika la chai nyuma ya turubai la msiba, nikasikia sauti ya baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekuja kutoka Kwimba. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na nilikuwa namwogopa kwa sababu hiyo ya sauti. Niliamini mtu asiyepaza sauti hawezi kubishiwa.

"Jumamosi tunaanua matanga," alisema. "Tugawe nguo, tugawe na watoto, kila mtu arudi kwake. Mvua imeanza, mashamba hayangoji."

Akaanza kutaja. Kulwa atakwenda kwake Kwimba, amshikie mkewe mtoto mchanga. Doto atakwenda Geita kwa shangazi. Shija atapelekwa Ukerewe kwa mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye alikuwa bado hajafika kwa kuwa taarifa ilimfikia visiwani ikiwa imechelewa.

"Na Kabula?" shangazi akauliza.

"Kabula ni mkubwa. Kuna watu Dar wanatafuta msichana wa kazi."

Birika lilikuwa linaniunguza kidole na sikulihamishia mkono mwingine. Kulwa na Doto hawajawahi kulala vitanda viwili. Shija alikuwa hali mpaka mmoja wetu aonje kwanza.

Sasa nieleze nilivyoelewa mambo, maana mengine yote yametokana na hapo. Miaka kadhaa nyuma alikufa jirani yetu, mama wa rafiki yangu Neema. Siku ya kuanua matanga sanduku lake lilifunguliwa mbele ya watu wote. Nguo ya kwanza alipewa dada yake wa tumbo moja, kama ilivyo desturi, kisha wengine. Niliona kwa macho yangu: mwanamke aliyepewa khanga mbili alizikunja kwapani, akamshika Neema mkono, wakateremka mawe. Aliyepewa gauni la bluu alimbeba mdogo wake Neema, aliyekuwa bado mchanga. Sikumwona Neema tena. Kwa akili yangu ya utoto nilihitimisha kwamba nguo ya marehemu ndiyo inayomchukua mtoto. Anayepewa nguo anapewa mtoto. Asiyepewa nguo hana mtoto wa kumchukua. Maneno ya baba mkubwa niliyaona ni mipango tu. Jambo lenyewe lingefanyika Jumamosi, sanduku litakapofunguliwa.

Kwa hiyo nguo zikiwa haziwezi kugawanyika, sisi tungegawanywaje?

Alhamisi asubuhi, wanawake walipokwenda kuchota maji ziwani, nilifungua sanduku la mama. Ufunguo alikuwa akiuvaa shingoni, na siku alizokuwa hospitali alinivalisha mimi. Nilitoa kila kitu: vitenge vinne, khanga, gauni la kanisani, sketi mbili, blauzi, hata sare ya kijani ya kwaya. Nilivipenyeza Dodoma. Sanduku tupu lilinitisha kwa wepesi wake, kwa hiyo nikatia mawe mawili ndani, nikafunga kufuli.

Nilianza na kitenge cha njano. Nililaza kipande cha boksi juu yake, nikashika mkasi, nikashindwa. Mapacha walikuwa wamechuchumaa mbele yangu.

"Mama atakasirika," Doto akasema.

"Mama amekufa," Kulwa akamjibu.

"Najua amekufa. Atakasirika huko huko."

Nilikata. Mkasi ulikuwa butu, ukawa unatafuna kitambaa badala ya kukata, na kila ulipotafuna harufu ile ilinipanda puani. Shija alipoona kitenge alichozoea kubebewa kimekuwa vipande alianza kulia, nikampa kimoja akishike. Alikaa nacho mdomoni siku nzima.

Uzi ulikwisha kabla ya saa sita. Nilikwenda kwa Bi Zena, mwanamke mnene wa maneno mengi ambaye hata msibani hakuacha utani.

"Shikamoo, Bi Zena. Naomba uzi mweusi."

"Marahaba. Wa nini?"

"Wa kushona sketi ya shule."

Akanipa kidogo aliokuwa ameuzungushia karatasi. Nikasimama pale pale.

"Unasubiri nini?"

"Hautatosha."

"Hautatosha! Sketi ya nani hiyo, ya kiboko?" Akaniangalia vidole. Nilikuwa nimejichoma mara nyingi, na nyuzi za njano zilikuwa zimenasa kwenye sweta. Aliacha kucheka. Akafungua droo ya cherehani, akanitupia roli zima jipya. "Nenda. Sijakuona."

Mama mdogo alifika alasiri hiyo. Tulimsikia akipanda mawe huku akilia kwa sauti, na wanawake wakashuka kumpokea. Alikuwa na pua ya mama, na namna ya mama ya kushika kiuno anapochoka. Alitukumbatia mmoja mmoja, akanyamaza, akanawa uso, kisha akasema jambo nililokuwa naliogopa.

"Kabula, mwanangu, nipe ufunguo wa sanduku. Nataka nifue nguo za dada kabla ya Jumamosi. Zisigawiwe na jasho lake."

Ufunguo ulikuwa kwenye pipa la unga. "Umepotea, mama mdogo."

"Umepoteaje?"

"Siku ya maziko. Watu walikuwa wengi."

Hakunishuku hata kidogo, na hilo liliniumiza kuliko kama angenipiga. Alikwenda chumbani, akapiga magoti, akaliinua sanduku upande mmoja, mawe yakasogea ndani kwa mlio mzito. Yeye akalilalia, akaweka shavu lake juu ya bati. "Zito," alisema. "Dada alipenda nguo." Akakaa hivyo, akipapasa kufuli kwa kidole, akilisemesha sanduku kwa Kikerewe, lugha yao ya nyumbani. Mimi nilisimama mlangoni nikijua kwamba anayakumbatia mawe.

Baba mkubwa aliambiwa kuhusu ufunguo. Alisema kufuli la marehemu halivunjwi na mtu mmoja chumbani, litavunjwa mbele ya kikao. Hivyo nikapata siku moja na nusu.

Sijawahi kushona kama nilivyoshona siku ile ya Ijumaa, hata sasa ninapoishi kwa kushona. Nilisema naenda kutafuta kuni. Nikasema naenda kuchota maji. Nikasema tumbo linaniuma. Mapacha walikaa juu ya jiwe wakicheza mdako, na kazi yao ilikuwa kukohoa mtu mzima akikaribia. Kulwa alikohoa inavyotakiwa. Doto alikohoa kila alipopoteza mchezo, nami nikawa naruka na kuficha kazi chini ya tumbo kwa sababu ya vijiwe vitano.

"Doto, utatuua!"

"Kulwa anaiba!"

"Siibi! Hujui kudaka!"

Mama alinifundisha nisiweke kipande cha maua karibu na kingine cha maua, na nilijitahidi, lakini mchana wa Ijumaa sikuweza tena kuchagua. Niliunga kilichokuwa mkononi. Katikati niliweka kwapa la blauzi yake ya kazini, kwa sababu ndipo harufu yake ilipokaa zaidi. Blanketi la kijivu tulilolalia sote wanne ndilo niliweka ndani, na chini nikaweka shuka la kitanda chake. Vidole vilivimba mpaka nikawa nasukuma sindano kwa jiwe dogo.

Kiasi cha saa tisa nilisikia kikohozi ambacho hakikuwa cha mdako. Nilitoka. Walikuwa wanawake wawili wa kwaya, wamesimama na mama mdogo.

"Kabula, wenzake mama wamefuata ile sare," mama mdogo akasema. "Kumbe ni mali ya kwaya."

Sikuwa na habari. Nilijua ni nguo ya mama, basi. Sare ya kijani ilikuwa tayari ni vipande kumi na kitu, vimekaa kwenye pembe zote nne.

"Iko sandukuni," nikasema.

"Mama alituambia aliianika siku mbili kabla hajaenda hospitali," mmoja akasema. Alikuwa mpole. "Si ungetuangalizia kwenye kamba, mwanangu?"

"Iko sandukuni," nikarudia, na sauti yangu ilitoka kali kiasi kwamba wote watatu wakaniangalia. Mama mdogo akawaambia kwamba watoto wa msiba ni wa kuvumiliwa, waje kesho. Lakini walipoondoka hakuniondolea macho. Alitazama mikono yangu. Niliificha nyuma.

"Umefanya nini vidole?"

"Kuni."

Jioni alinipaka mafuta, kidole kimoja kimoja, bila kuniuliza tena.

Jumamosi asubuhi, watu walipokuwa wanakunja mikeka, nililiingiza blanketi sandukuni na kutoa mawe. Upande mmoja ulikuwa bado haujapigwa pindo. Sindano ilikuwa inaning'inia.

Kikao kilikaa mbele ya nyumba. Wanaume kwenye viti, wanawake chini, Bi Zena na wapishi kando ya masufuria. Sanduku lilitolewa likawekwa katikati. Baba mkubwa aliokota jiwe la ukubwa wa ngumi, akalipima mkononi, akainama kwenye kufuli.

"Ufunguo ninao," nikasema.

Niliutoa mfukoni, wenye unga bado, nikampa. Alifungua, akainua kifuniko, akatia mikono yote miwili, akatoa blanketi. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri. Liliendelea kutoka.

"Nguo ziko wapi?"

"Ndizo hizo, baba mkubwa."

Shangazi alisogea, akashika pembe, akapiga yowe. "Kitenge changu! Hiki nilimpa mimi!" Mwanamke wa kwaya aliyekuwa amekuja kufuata sare akaona kijani, akajishika mdomo. Kila mtu alisema kwa wakati mmoja. Wengine walisema nimerogwa, wengine kwamba nimemtukana marehemu, mmoja akasema ndiyo maana watoto wa siku hizi hawafai kuachiwa funguo.

Baba mkubwa hakupaza sauti. "Nguo zisipogawiwa matanga hayaanuliwi," alisema. "Na matanga yasipoanuliwa hakuna anayeondoka hapa na kitu. Hamlijui hilo? Fumueni."

Akaona upande usio na pindo. Akashika kitambaa cha juu na shuka la chini, akavuta. Nyuzi zilikatika kwa mlio wa haraka haraka, na safu ya kwanza ya vipande ikaachia. Shija akalia, "Mama! Mama!" kama vile ni yeye anayechanwa. Niliushika upande wangu. Baba mkubwa akavuta wa kwake. Nilikuwa msichana mwembamba. Alinivuta pamoja na blanketi hadi miguuni pake.

"Shemeji," mama mdogo akasema. Alikuwa amesimama. "Nguo ya kwanza ni ya nani?"

Akaacha kuvuta. "Ni yako. Wa tumbo moja naye."

"Basi nipe."

"Nikupe ipi? Huoni zimeshikana?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Nipe."

"Na sisi je?" shangazi akauliza.

"Wewe unataka upande gani, wifi? Chagua, wakukatie."

Shangazi alitazama blanketi, akatazama watu wanaomtazama, akakaa. Baba mkubwa akalikunja alivyoweza, akamwekea mama mdogo mikononi. Watu wakaitikia kwa minong'ono. Desturi ilikuwa imetimia.

Mimi nilishinda. Ndivyo nilivyoona. Nguo zote zimekwenda kwa mtu mmoja, kwa hiyo sisi sote tumekwenda kwa mtu mmoja. Nilikimbia ndani, nikachukua furushi nililokuwa nimelifunga tangu alfajiri, nikamweka Shija kiunoni, nikawashika mapacha, tukaenda kusimama nyuma ya mama mdogo.

"Tuko tayari," nikamwambia.

"Tayari kwa nini?"

"Kwenda Ukerewe. Umechukua nguo zote."

Hakunielewa. Ilibidi nieleze mbele ya watu wote, kuhusu Neema na zile khanga mbili, na gauni la bluu, na kwamba anayechukua nguo anachukua mtoto. Nilivyokuwa naeleza nilianza kuona nyuso zao, na nikajua kuna kitu nimekosea kabla sijajua ni kitu gani.

"Nani kakuambia nguo inachukua mtoto?" baba mkubwa akauliza, na safari hii sauti yake haikuwa na ukali. "Yule alimchukua Neema kwa sababu ni shangazi yake. Khanga ni khanga tu. Ninyi tulishawapanga tangu Jumatano."

Nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Nguo zote za mama, kwapa la blauzi yake, kila kitu nilikuwa nimekikata bure.

Lakini mama mdogo aligeuka. "Mmewapanga Jumatano?"

Baba mkubwa akalirudishia sanduku kifuniko.

"Mimi nimefika Alhamisi. Mmewapanga bila mtu hata mmoja wa upande wa mama yao? Wamepangwa kwenda wapi?"

Niliwataja mimi, kwa sababu wakubwa walikuwa wanaangalia chini. Kulwa Kwimba. Doto Geita. Shija kwake. Mimi Dar.

"Mnatenganisha mapacha?" akasema. "Na huyu mdogo mnanipa mimi bila kuniuliza? Mnajua ninaishi wapi? Kambi ya wavuvi, chumba kimoja, mume wangu na watoto watano. Shija ningempokea, simkatai damu yangu. Lakini ningeulizwa!"

"Shemeji, sasa unataka nini?" Baba mkubwa alionekana amechoka ghafla. Alikuwa na watoto tisa kwake. Hilo nililijua baadaye, nilipokuwa mtu mzima wa kuweza kumhurumia. "Wewe huwezi wanne. Mimi siwezi wanne. Hapa atakaa nao nani?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe una shule."

"Nitaacha."

Nilisema haraka, kama mtu anayetoa kitu kabla hajafikiria bei yake. Halafu nikangoja. Sitaki kusema uongo: nilikuwa nangoja mtu aseme hapana. Nilimtazama baba mkubwa, nikamtazama shangazi, nikamtazama mama mdogo, ambaye alikuwa amelikumbatia blanketi na kuinamisha kichwa. Nilikuwa wa tatu darasani. Walijua. Hakuna aliyesema hapana.

Aliyezungumza alikuwa Bi Zena, kutoka kwenye masufuria, mwiko mkononi. "Mimi si wa ukoo, mnisamehe. Huo mshono mmeuona? Siku mbili, na sindano ya mkono. Nina wasichana wawili wamemaliza chuo cha ushonaji, hawajui kuweka bandi. Aje barazani kwangu. Huyo mdogo atacheza chini ya cherehani, hatanila."

"Sitakula," Shija akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu watu wakacheka.

Baba mkubwa alinigeukia. "Mpaka mavuno," akasema. "Nitakuja kuona mwenyewe. Nikikuta mmoja amelala na njaa, au anazurura Mwaloni, nawachukua siku hiyo hiyo, na hakuna kikao."

Alikuja kweli. Alikuja kila mavuno na gunia la mahindi, akihesabu vichwa vyetu kabla hajakaa.

Jumapili mama mdogo aliondoka na blanketi. Lilikuwa lake. Nilimsindikiza hadi chini, na sikuthubutu kumwomba hata kipande kimoja, kwa kuwa yeye naye alikuja kutafuta nguo ya dada yake na nilikuwa nimezikata zote. Kabla hajaondoka alilinusa. "Ningezifua," alisema. "Afadhali sikuzifua." Nilipanda mawe peke yangu. Nguo zote za mama zilikuwa zimeondoka nyumbani, na hakuna mtoto aliyeondoka.

Jumatatu niliwaamsha mapacha mapema, nikawaogesha, nikawasuka mistari miwili miwili. Nilimbeba Shija mgongoni, tukateremka. Sare yangu niliiacha kwenye msumari. Tulifika getini kengele ikilia, na mwalimu wa zamu alikuwa amesimama na fimbo yake akiwaharakisha waliochelewa. Mapacha walipita chini ya mkono wake wakakimbilia mstarini, wameshikana.

"Kabula, pole na msiba," mwalimu akasema. "Haya, mpe mtu mwingine mtoto huyo, uingie mstarini."

"Asante, mwalimu," nikasema. "Nimewaleta hawa tu."